Maneno ya Mwisho ya Nawaf

Bofu, Likoni
Jumanne, 2 Julai 2024

Kafedha mdogo wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Siumwi, wala sijakukasirikia. Barua hii nimempa Mwanarehema, yule wa mboga, anayevuka feri kila Jumanne na Ijumaa kwenda kununua sokoni Kongowea. Ameniapia kwamba ataifikisha Mjambere kabla hajagusa fungu moja la mchicha. Anasema yeye si posta, lakini kwa ajili ya Nawaf atafanya, kwa sababu Nawaf alikuwa akimbebea gunia lake mpaka mlangoni bila kuombwa.

Leo ni mwezi kamili tangu mume wangu atoke nyumba hii akiwa amebebwa. Nimebakisha miezi mitatu na siku zake za eda. Niko ndani, na Mama, Bi Barakat aliyemzaa, yuko chumba cha pili. Tunasikizana tukikohoa. Ananiletea uji nami namletea chai, na maneno yetu hayazidi hayo.

Simu nimeifungia kabatini. Mtu akiniulizia mwambie Ruwaida yuko edani, hatumii simu. Mama nimemwambia vivyo hivyo. Alinitazama kidogo, kisha akasema ni vyema.

Na ukurasa wetu wa mapishi mtandaoni, tafadhali, uache ulale. Usiweke kitu, hata picha ya mahamri. Najua wewe ndiye mwenye picha na ndiye unayeufungua kila asubuhi, lakini jiko ni langu na nimelifunga mpaka nitoke.

Kalamu hii ni ya Mama, aliyokuwa akisahihishia daftari za watoto wa chuo cha Kurani. Inatoa wino mwekundu. Usidhani nimekukosoa.

Niandikie. Nataka kusikia mtu asiyenipa pole.

Wako,
Ruwaida


Mjambere, Kisauni
Ijumaa, 5 Julai 2024

Da Ruwaida,

Shikamoo. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa hivyo ukiigeuza utaona kiuno cha mtu. Usimtafute ni nani.

Sijaandika barua tangu nilipokuwa darasa la nane, tulipolazimishwa kumwandikia mjomba asiyekuwepo. Mkono unaniuma mpaka kwenye bega, na mimi nakanyaga cherehani kutwa nzima. Kwenye simu naandika, nafuta, naandika tena mpaka nionekane mtu mwenye akili. Hapa nikikosea yanipasa kukata, na wewe utaona nilivyokata. Hapo juu nilikuwa nimeandika "habari za huko" nikakumbuka habari za huko ni zipi.

Umesema hutaki pole, basi nikupe umbea. Jana jirani yangu Sarah alikuja kukatiwa gauni akanionyesha tanzia uliyoiandika kwenye simu yake, hajui hata kwamba tunajuana. Bado inasambazwa. Akanisomea yale maneno ya mwisho ya Bwana Nawaf: "Nikiulizwa huko niendako kama nimepata kuionja pepo, nitasema niliionja kwako, Ruwaida." Akalia juu ya kitambaa chake mwenyewe, nikalazimika kukianika.

Usiku nikamuuliza Kitsao, je, wewe ukiwa unakufa utaniambia nini? Akafikiri, mume wangu, akafikiri kweli. Akasema ataniuliza funguo ziko wapi. Nikamgeuzia mgongo mpaka asubuhi. Wengine tumeolewa na wachimba mawe wa Bamburi, ndio mapenzi yao hayo.

Kuhusu ukurasa usiwe na wasiwasi. Uko salama. Watu wanakuulizia sana.

Kafedha


Bofu
Jumanne, 16 Julai 2024

Kafedha,

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaziba mdomo kwa mtandio Mama asinisikie. Mwambie Kitsao simlaumu.

Nimekuwa nikifikiri mambo ya kuandika, maana sina jingine la kufanya. Nikiandika kwenye simu siko peke yangu. Kabla sentensi haijaisha namwona mama wa Changamwe anatikisa kichwa, namwona msichana wa Maskati anafuta machozi, na yule mwanamume asiyepitwa na kosa anangoja nikosee. Basi kila mmoja namtilia sukari yake. Nikimaliza naisoma, naipenda, lakini simwoni Ruwaida mle ndani. Hapa nakuona wewe peke yako na sindano mdomoni, na huhitaji sukari.

Nitakwambia jambo sijamwambia mtu. Siku ile Nawaf alipokuwa akioshwa, wanaume walikuwa chumbani na ndoo zao, viti vyote vimetolewa nje kwa wageni. Mimi nilikaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, simu mkononi. Tanzia nilikuwa nimeiweka kama saa moja nyuma. Nilikuwa nahesabu mioyo wanayobonyeza watu. Ikafika mia nne, nikavuta ukurasa kwa kidole, ikawa mia sita. Nayasikia maji yakimwagika juu ya mume wangu, nami navuta tena kwa kidole. Na nilifurahi, Kafedha. Ilipopita elfu moja nilifurahi.

Ndiyo sababu simu iko kabatini. Eda haikatazi simu, hilo hata Mama alijua nilipomdanganya. Nimejionea haya, na haya hiyo haiishi.

Na si hilo peke yake. Liko jingine kubwa zaidi, lakini hilo hata karatasi siwezi kuipa.

Ruwaida


Mjambere
Ijumaa, 26 Julai 2024

Da Ruwaida,

Nilikaa na barua yako siku kumi. Nilitaka kukwambia si kosa, nikaona utanichukia kwa kukudanganya. Basi sitasema kitu. Nitakupa la kwangu, tuwe sawa.

Mwaka juzi niliandika mtandaoni kwa jina langu mwenyewe. Ilikuwa habari ya mama yangu kule Ganze, alivyokuwa akitugawia chakula chetu cha kimanga mwaka wa njaa, sahani yake akaigeuza juu chini tusione kwamba haina kitu. Niliandika nikilia. Mtu mmoja wa mjini akanijibu: "Kiswahili gani hiki, dada? Rudi kwanza shamba ukajifunze." Watu arobaini wakacheka chini yake. Nikafuta yote, na tangu siku hiyo sijaandika kwa jina langu hata salamu za Krismasi.

Lakini kwa jina lako naandika vizuri. Unakumbuka mara ngapi ulinipa picha ukaniambia, "Weka maneno, mimi nakanda"? Niliyaweka, na watu walisema Ruwaida ana kalamu. Mimi nilikuwa nayasoma hayo nikiwa kwenye cherehani, na siku nzima mguu ulikuwa mwepesi. Nikiwa ndani ya jina lako hakuna anayeniambia nirudi shamba.

Basi na hivi juzi ███████ ██ ████████

Hapo nimekata. Halikuwa jambo kubwa.

Mvua imekwisha huku, vumbi la machimbo linarudi kwenye nguo za watu. Msalimie Bi Barakat, mwambie Kafedha anauliza hali.

Kafedha


Bofu
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Kafedha,

Ulichokata sasa nimekisoma.

Jana alikuja wifi yangu Jalila kutoka Changamwe. Hakuvua hata buibui. Alikaa kitako mbele ya mama yake, akatoa simu, akasoma kwa sauti nisikie na mimi niliyekuwa chumbani: "Leo Alhamisi. Nimejipachika kikuba cha asumini na rehani, nimejifukiza udi alioupenda, nimeketi upande wake wa kitanda. Miezi miwili, na bado namsikia: niliionja pepo kwako, Ruwaida."

Jina chini ni langu.

Miaka sita ulipanga chumba ukuta mmoja nami hapa Bofu. Ulikula kwangu, ulifuturu nami. Hukupata kuona mwanamke wa Kiislamu aliye edani? Hajitii manukato, Kafedha. Si udi, si asumini, si marashi. Mimi hata sabuni yenye harufu nimeiacha, naoga kwa ile ya kufulia. Sasa Changamwe nzima inauliza, mjane hajamaliza eda anajifukiza udi, anamfukizia nani?

Nilitaka kutoka niseme si mimi niliyeandika. Mama alinitangulia. Wajua kwamba ile tanzia aliipeleka dukani ikachapishwa, akaitia kioo, akaitundika ukumbini? Aliinuka akaionyesha kwa kidole. Akamwambia binti yake, "Soma hapo. Mwanamke aliyeambiwa maneno haya na mumewe hawezi kuvunja eda yake. Na mimi nalala chumba cha pili, pua yangu haijafa." Jalila akazima simu. Akaenda zake bila kunywa chai.

Mimi nilibaki nyuma ya pazia. Laiti Mama angenitetea kwa pua yake tu. Lakini alinitetea kwa karatasi ile.

Nilikwambia uuache ulale. Neno moja tu nililokuomba.

Ruwaida


Mjambere
Jumanne, 13 Agosti 2024

Da Ruwaida,

Sikujua. Sina la kuongeza juu ya hilo, ila nalirudia: sikujua. Nilijua hutoki, nilijua huvai dhahabu. Nilidhani ndani ya nyumba yako mwenyewe, bila mtu, harufu ya mume wako haikatazwi. Niliona natengeneza kitu kizuri. Na asumini ile ni ya mlangoni pako, niliikumbuka nilipokuwa nikipita nayo puani kila jioni.

Nimekiondoa. Lakini watu walishakipiga picha, kinatembea chenyewe sasa. Na viko vingine vitatu nilivyoandika kwa jina lako tangu Julai. Nilianza kwa sababu waliuliza, nikaendelea kwa sababu nilipenda. Huo ndio ukweli na hauna sukari.

Nataka kuwaambia watu kwamba ni mimi. Kila usiku naandika, "Jina langu ni Kafedha," kisha nafuta. Namwona yule mtu wa mjini na wale arobaini wake. Kitsao anasema, wewe unaogopa watu usiowajua kuliko dada yako unayemjua? Niambie wewe niandike nini, niandike kama utakavyosema.

Na yale maneno ya Bwana Nawaf niliyarudia kwa sababu ndiyo yaliyoniliza mimi mwenyewe. Sikufikiri kwamba nayo nayachafua.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nirudishie kitambaa cha kanzu ulichonipa nikushonee, maana nikikitazama mkono hauendi.

Kafedha


Bofu
Jumanne, 20 Agosti 2024

Kafedha,

Kitambaa kaa nacho, kanzu naitaka siku ya kutoka.

Hasira imenipungua, na nitakwambia kwa nini. Wewe uliniandikia asumini nisiyoivaa. Mimi nilimwandikia Nawaf maneno ambayo hakuyasema.

Ndilo lile kubwa. Nawaf hakusema habari ya pepo. Nawaf wa kusema hivyo umempata wapi? Miaka kumi na saba ya ndoa, nikimuuliza chakula kikoje hujibu, "Kimeiva." Siku ile nilishika simu nikaandika jina lake, nikaandika saa aliyofariki, nikafika mahali ambapo ilipaswa kuwa na neno, na neno alilolisema kweli sikuweza kuliandika mbele za watu. Nikatunga jingine. Lilikuja upesi, na nilipolisoma niliona zuri. Nikaliweka.

Sasa liko ukutani ndani ya kioo. Kila mgeni anayekuja kutoa pole, Mama humsimamisha mbele yake. Kalihifadhi kama anavyohifadhi sura ya Kurani. Mtoto wake wa kwanza, na hicho ndicho alichobaki nacho, na ni cha uongo wangu.

Siwezi kukwambia uandike nini. Ningejua ningekwisha kuandika langu. Ila nimeamua jambo moja. Kumwambia Mama uso kwa uso sitaweza, nimejaribu mara nne na mara nne nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Nitamwandikia. Ukuta mmoja uko kati yetu, na nitampelekea barua.

Ruwaida


Chumbani kwangu
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Utaikuta karatasi hii chini ya tasbihi yako ukirudi kutia udhu. Nimetumia kalamu yako.

Siku Nawaf alipofariki wewe ulikuwa Changamwe kwa Jalila, na ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu. Kwa hivyo hakuna anayejua alichosema isipokuwa mimi. Maneno yale yaliyomo kwenye kioo hakuyasema. Niliyatunga mimi, jikoni, nikijua yatasomwa na watu. Niliona haya kuandika yaliyotokea, kwa sababu hayakuwa mazuri na mimi sikuwa mwema ndani yake.

Nilitaka kukwambia kabla hujayachapisha. Ukaja nayo na kioo mkononi, uso wako ulikuwa na nuru, nikashindwa. Kila siku iliyofuata ikawa ngumu kuliko ya nyuma yake.

Ile habari ya udi pia si yangu, ni mwenzangu aliandika kwa jina langu bila kujua. Lakini yeye amekosa kwa kutojua, mimi nilijua.

Ukitaka nirudi kwa ndugu zangu nikamalizie eda huko, kama inafaa, nitakwenda. Ukitaka kukiondoa kioo, nitakishusha mwenyewe usijipandie kiti.

Mkweo,
Ruwaida


Bofu, chumba cha pili
Alhamisi hiyo hiyo, baada ya alasiri

Mwanangu Ruwaida,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani.

Mimi ndimi nalimzaa Nawaf. Alitimiza miaka miwili na nusu hajasema neno, babake akadhani ni bubu. Neno la kwanza alisema "moto," na kweli sufuria ilikuwa ya moto. Tangu siku hiyo hakupata kusema kitu ila kilichopo. Siku ya harusi yake nalimuuliza, mwanangu, umempenda mke? Akanambia, "Si nimemuoa?" Sasa mtu huyo aje aionje pepo, aseme na jina lako juu yake? Nalijua kuwa si yake tangu Jalila aliponisomea mara ya kwanza, maiti haijatoka ndani.

Kioo nalikitia kwa sababu ni maneno yako. Nalisema moyoni, mwanamke huyu amempenda mwanangu hata amempa maneno asokuwa nayo. Wageni nikiwasimamisha pale nalikuwa nawaonyesha wewe. Yeye wanamjua.

Habari ya kurudi kwa ndugu zako usiniandikie tena. Eda yako iko nyumba hii, na mimi niko nyumba hii.

Lakini umenambia yalitokea mengine, nami nina njaa nayo. Miezi miwili na ushei nangoja uniambie, nikaona nisikulazimishe. Sasa niambie alisema nini hasa. Usinitilie kwenye karatasi, macho yangu yamechoka. Nifungulie mlango.

Barakat


Mjambere
Ijumaa, 30 Agosti 2024

Da Ruwaida,

Mwanarehema ameniambia Jumanne alikukuta umekaa na Bi Barakat mnachambua mchele kwenye ungo mmoja, na kwamba alipoingia mlinyamaza kama watoto. Hakuniambia zaidi, na mimi nimemlaumu kwa hilo.

Nimeandika. Nilianza kwenye karatasi kwanza, kama wewe, kisha nikaihamisha kwenye simu neno kwa neno bila kurembesha. Nakunakilia hapa usome mwenyewe, maana simu yako iko kabatini:

"Jina langu ni Kafedha. Mimi ni fundi cherehani, Mjambere. Habari ya udi na asumini kwenye ukurasa huu niliandika mimi, na vingine vitatu. Ruwaida yuko edani, hana simu, na hajajitia manukato. Mimi si Mwislamu, sikujua, na sikuuliza. Nilipenda kuandika kwa jina lake kwa sababu langu niliona halitoshi. Namwomba radhi yeye na nyumba yake."

Kitsao ndiye aliyebonyeza, mimi nilifunga macho. Wengi wamenitukana, wengine wamenisamehe kana kwamba wao ndio waliokosewa. Jalila amesoma, ameweka alama ya kuonyesha ameona. Mtu mmoja ametaja Kiswahili changu. Nilikaa na kidole juu ya simu muda mrefu, kisha nikarudi kwenye kanzu yako, nikamaliza mkono wa kulia. Sikufuta.

Umbo lako nimelipunguza inchi mbili, Mwanarehema anasema umekonda.

Kafedha


Bofu
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Kafedha mdogo wangu,

Nimetoka. Jumanne Mama aliniogesha mwenyewe, maji kwa kata, akanisugua mgongo kama mtoto. Jioni akachuma asumini ya mlangoni akanipachika kikuba. Akavuta harufu, akasema, "Sasa mwambie Jalila aje anuse." Kanzu yako imenikaa vizuri, ila mkono wa kushoto ni mfupi kidogo, nadhani huo ulishona ukisoma majibu ya watu.

Nina deni la kukwambia nilichomwambia Mama siku ile nilipomfungulia mlango.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua. Mimi nasuka nywele chumbani, Nawaf ameketi ukumbini. Akasema, "Ruwaida, funga dirisha la jikoni, unga utarowa." Mimi nilikuwa na kichana mdomoni na nimeudhika kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Nikamjibu, "Nawe una mikono." Hakujibu. Nikamaliza msuko mmoja, nikainuka, nikaenda nikalifunga. Niliporudi kumwambia limefungwa, alikuwa amekwisha kukata roho, kitini pale pale.

Basi hilo ndilo lililonishinda kuandika. Kwamba neno la mwisho alilolisikia duniani kutoka kwangu ni hilo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja. Akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanambia, "Miaka arobaini nalikuwa namjibu babake hivyo hivyo. Mwanangu alisikia nyumba yake iko kama alivyoizoea." Kisha ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na tangu mwezi wa sita sikuwa nimelia bila kujitazama.

Simu nimeitoa kabatini. Nimesoma uliyoandika kwa jina lako. Sitakusifu, utaharibika. Ila nataka ile habari ya sahani ya mama yako irudi, kwenye ukurasa wetu, na chini yake liandikwe Kafedha. Nami niliandika jana, mistari hii tu: "Maneno ya mwisho ya mume wangu niliyoyaweka hapa niliyatunga. Nawaf alisema nifunge dirisha, unga utarowa. Nilimjibu ana mikono. Nikaenda nikalifunga." Nikaiweka, nikairudisha simu kabatini, nikampa Mama ufunguo. Sijui wamesema nini. Vidole vilitamani kuvuta ule ukurasa, na mpaka sasa vinatamani. Nimevitia kwenye unga wa mahamri.

Na kioo kile nilipanda kiti kukishusha, kama nilivyoahidi. Mama akanizuia. Alitoa karatasi, akaigeuza upande wake mweupe, akaandika kwa kalamu yake nyekundu, kwa mwandiko ule wa kusahihishia watoto, akairudisha ndani na kunipa niitundike. Imeandikwa: "Ruwaida, funga dirisha la jikoni, unga utarowa."

Wageni wakiingia husoma, kisha hutazama dirisha. Mama huwaambia waketi kwanza.

Dada yako,
Ruwaida